Nani Alilichimba Hili Handaki?

Katika gemu nyingi za vita vya Vietnam, adui ni majani. Unatembea na kikosi chako msituni, mvua inanyesha, redio inakoroma, halafu kichaka kinafyatua risasi. Nawe unakijibu kwa risasi. Kikinyamaza unasogea mbele, unakuta miili ya watu wembamba waliovaa nguo nyeusi, na kabla hujawatazama usoni mchezo unakuhimiza uende kwenye alama inayofuata ya ramani.

Nimezicheza gemu hizi tangu ujana, kwanza kwenye kibanda cha kulipia kwa saa, baadaye kwenye kompyuta yangu. Wakati huohuo nimekuwa nikisoma historia ya vita vile kila nilipopata kitabu. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kujiuliza maswali ambayo gemu hazina majibu yake. Yule mtu aliyekuwa ndani ya kichaka alikula nini asubuhi? Nani alimpikia? Nani alimpasha habari kwamba tunakuja? Na handaki alilokimbilia, nani alilichimba?

Watu hao wa kichakani hujulikana kwa jina Viet Cong, ambalo hawakulichagua wenyewe. Lilikuwa jina la serikali ya Vietnam Kusini, iliyokuwa Saigon, kwa kila aliyeshukiwa kuwa mkomunisti, na askari wa Marekani wakalifupisha kuwa VC, kisha Charlie. Wenyewe walijiita Muungano wa Ukombozi wa Taifa wa Vietnam Kusini, kwa kifupi NLF, ulioundwa tarehe 20 Desemba 1960 katika mkoa wa Tây Ninh, jirani na mpaka wa Kambodia. Lakini chanzo chake ni cha nyuma zaidi. Makubaliano ya Geneva ya 1954, yaliyomaliza vita na wakoloni wa Kifaransa na kuigawa nchi kwenye latitudo ya 17, yaliahidi uchaguzi wa kuiunganisha ifikapo Julai 1956. Kiongozi wa kusini, Ngô Đình Diệm, aliukataa, na Marekani ikasimama naye. Kisha ukaja msako. Sheria namba 10 ya 1959 ilizipa mahakama maalumu za kijeshi uwezo wa kumhukumu mtu kifo au kifungo cha maisha bila rufaa. Watu waliopigana na Wafaransa, kisha wakarudi kwenye majaruba yao kulima mpunga, wakajikuta wanawindwa. Hanoi, mji mkuu wa kaskazini, nayo ilisita sana. Ni mapema 1959 tu ndipo chama cha kaskazini kilipokubali silaha zitumike kusini.

Nikisikia NLF, mtu wa kwanza kunijia akilini ni Nguyễn Thị Định, mwanamke wa Bến Tre, mkoa wa minazi kwenye delta ya Mekong. Mume wake alifia katika gereza la kisiwa cha Côn Đảo enzi za Wafaransa, naye mwenyewe alifungwa. Januari 1960 alikuwa miongoni mwa viongozi wa uasi ulioviondoa vijiji kadhaa vya mkoa huo mikononi mwa serikali. Bunduki zilikuwa chache mno. Walichonga za bandia, wakapiga ngoma na magogo usiku kucha ili walinzi wa vituo vidogo waamini kwamba jeshi zima limeshafika. Jeshi la serikali lilipokuja kulipiza, wanawake walipanda mitumbwi na watoto wao, wakaenda makao makuu ya wilaya kulalamika kwamba askari wanaua watu na kuharibu mali. Walikaa palepale, wakakataa kuondoka. Ndio walioitwa jeshi la nywele ndefu. Mwaka 1965 Bi Định akawa naibu kamanda wa majeshi yote ya NLF, na miaka mingi baada ya vita akawa makamu wa rais wa nchi.

Mimi hapo naiona gemu nzima. Mkuu wa wilaya ametoka barazani, mbele yake wamekaa akina mama mamia, wengine wananyonyesha. Akiamuru wapigwe risasi mchana kweupe, jioni mkoa mzima utakuwa upande wa waasi. Akiwasikiliza, operesheni ya jeshi inasimama. Wewe mchezaji uko katikati ya wale akina mama na huna hata kisu. Unachohesabu ni nani amechoka, nani ana hofu, nani ana ndugu yake kati ya wale askari vijana waliosimama getini. Wataalamu wa gemu wanaojua kuunda mwanga wa jua unaopenya kwenye migomba hawashindwi kuunda hilo.

Halafu kuna Củ Chi, kaskazini-magharibi ya Saigon. Mahandaki ya huko yalianza kuchimbwa miaka ya 1940 dhidi ya Wafaransa, na vita vya Marekani vilipopamba moto yalikuwa yamefika zaidi ya kilomita 200, mengine yakiwa na ngazi tatu kwenda chini. Udongo wa kule ni wa mfinyanzi mwekundu: ukiwa na maji unachimbika, ukikauka unakuwa mgumu kama saruji. Walichimba kwa vijembe vifupi na kutoa udongo kwa vikapu vidogo. Na kuutoa ndiko kulikokuwa na hatari kubwa, kwa sababu udongo mbichi juu ya ardhi ni ushahidi; ndege ikiuona, mabomu yanafuata. Kwa hiyo waliumwaga mitoni, kwenye mashimo ya mabomu ya jana, au wakautawanya mashambani kabla hakujapambazuka. Huo ulikuwa wajibu wa mtu fulani kila usiku, kwa miaka.

Kulikuwa na jiko pia. Mpishi wa jeshi aitwaye Hoàng Cầm alilibuni wakati wa vita na Wafaransa: moshi unapitishwa kwenye mifereji mirefu iliyofunikwa matawi na udongo, unapoa humo, kisha unatoka ukiwa umetawanyika na kutambaa chini kama ukungu, rubani asiuone. Walipika alfajiri ili moshi uchanganyike na ukungu wenyewe. Chakula mara nyingi kilikuwa muhogo wa kuchemsha, na mpaka leo mtalii anayekwenda Củ Chi hupewa muhogo na karanga za kutwangwa ili aonje maisha yale. Miguuni walivaa ndala zilizokatwa kwenye matairi chakavu ya magari, ndugu kabisa wa katambuga zetu. Na malaria iliwaua na kuwalaza hoi kiasi kwamba kidonge cha dawa kilikuwa mali ya kuthaminiwa sawa na risasi.

Haya yote ndiyo yaliyokuwa ndani ya kile kichaka.

Sasa tazama gemu zinavyolichukua handaki. Vietcong, iliyotoka 2003, ilitengenezwa na Wacheki wa mji wa Brno, na mpaka leo naiheshimu. Unacheza kama Hawkins, askari wa kikosi maalumu cha Marekani katika kambi iliyo karibu na Kambodia, na mbele yenu anatangulia mwenyeji aitwaye Nhut, ambaye jicho lake linaona mitego kabla ya mguu wako. Msitu wake ni msitu kweli: mzito, unaokunyima kuona hatua kumi mbele. Unapoingia handakini peke yako na tochi, unasikia pumzi zako mwenyewe. Ni kazi nzuri sana. Lakini handaki pale ni tundu la kutisha, na walio ndani ni vitisho vyake. (Wacheki, tukiwa hapohapo, si wageni kwa Wavietnam: Czechoslovakia, nchi yao ya zamani, ilikuwa rafiki wa Hanoi na ilipokea maelfu ya wanafunzi na wafanyakazi kutoka kule, na hadi leo Wavietnam ni miongoni mwa jamii kubwa za wageni nchini mwao. Toleo la pili, la 2005, liliweka sehemu ya kucheza upande wa Vietcong, katika vita vya mji wa Huế.)

Call of Duty: Black Ops ya 2010 siitetei. Wavietnam wake wanawalazimisha mateka kucheza kamari ya risasi moja kichwani, kitu kilichotoka kwenye sinema ya 1978 na si kwenye kumbukumbu za vita. Mamilioni ya vijana duniani walikutana na watu hawa mara ya kwanza kupitia tukio ambalo ni la kubuni. Hilo linanikera kuliko damu yote iliyomwagika humo.

Battlefield Vietnam ya 2004 iliruhusu upande wa Vietnam kutokea kwenye mlango wa handaki unaoweza kuhamishwa, na Rising Storm 2: Vietnam ya 2017 ikaliendeleza wazo hilo mpaka likawa na akili. Humo NLF ni jeshi kamili unaloweza kulichagua, kwa jina lake. Silaha zako ni mchanganyiko wa vilivyopatikana, pamoja na bastola-mashine za Kifaransa za MAT-49 zilizobaki kutoka vita vilivyotangulia. Mmarekani ana helikopta na napamu, yaani mabomu ya moto. Wewe kiongozi wako wa kikosi anachimba handaki, na wenzako waliokufa wanatokea humo, nyuma ya adui, ubavuni mwake, mahali alipopita dakika mbili zilizopita. Unatega mitego njiani na kumsubiri aje.

Siku moja mpwa wangu alikuwa anaicheza upande wa Marekani, mimi nimekaa nyuma yake.

"Mjomba, hawa wanaonipiga wako wapi?"

"Ulikotoka."

"Lakini kule nimeshasafisha!"

"Ulipita tu, baba. Hukukaa."

Akanyamaza, akarudi nyuma, akauawa tena. Baada ya hapo akahama upande, akawa yeye ndiye anayechimba, na akashangaa jinsi ramani ileile ilivyobadilika kabisa machoni mwake. Njia zikawa mitego, na sehemu za wazi zikawa za kuogopwa. Hapo gemu ilimfundisha kitu ambacho mimi ningemweleza jioni nzima bila mafanikio, na ilimfundisha kwa kanuni zake za kucheza. Ndiyo maana naamini gemu zinaweza. Ila handaki la Rising Storm linachimbwa kwa sekunde chache, na hakuna anayebeba udongo.

Na hakuna kijiji, maana nyumba zipo lakini ni za kujificha risasi, wenyewe hawapo. Wakati ukweli ni kwamba vita vyote vilikuwa juu ya hao wenyewe. Mwaka 1962 serikali ya Diệm, ikifadhiliwa na Marekani, ilianza kuwahamisha wakulima kwenye vijiji vyenye uzio, mitaro na miti iliyochongwa ncha, ili waasi wakose chakula, habari na vijana wa kujiunga nao. Mshauri mmoja mkubwa wa mpango ule alikuwa Mwingereza Robert Thompson, aliyekuwa ametoka Malaya, ambako Waingereza walifanya hivyo miaka ya 1950.

Msomaji wa Nyeri au Murang'a hahitaji kufafanuliwa. Mwaka 1954, mwaka uleule Wafaransa waliposhindwa katika mapigano ya Điện Biên Phủ kule Vietnam, serikali ya kikoloni ya Kenya ilianza kuwakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru kwenye vijiji vya dharura, watu zaidi ya milioni moja, na kulazimisha watu wachimbe mtaro mrefu kando ya msitu wa Mlima Kenya ili wapiganaji wa Mau Mau wasipate chakula kutoka kwa mama zao. Operesheni Anvil ya kuisafisha Nairobi ilianza tarehe 24 Aprili 1954. Điện Biên Phủ ikaanguka tarehe 7 Mei. Waliotawala Nairobi, Kuala Lumpur na Saigon walisoma daftari moja. Walielewa vizuri kuliko watengenezaji wa gemu kwamba mpiganaji wa msituni anaishi kwa mkono wa mtu anayemletea chakula.

Kusini mwa Vietnam mpango ule ulivurugika haraka. Wakulima walichukia kung'olewa kwenye makaburi ya mababu zao na kujengeshwa uzio bila malipo. Tena mmoja wa maofisa waliousimamia, Kanali Phạm Ngọc Thảo, alikuwa mtu wa siri wa wakomunisti, na alichofanya ni kuharakisha ujenzi kupita kiasi ili chuki ienee. Mwenzake katika kazi za siri, Phạm Xuân Ẩn, alikuwa mwandishi wa habari wa jarida la Time huko Saigon. Mchana alikaa na majenerali na mabalozi. Usiku aliandika ripoti kwa wino usioonekana, na mwanamke mchuuzi akazichukua na kuzivusha hadi kwenye misitu na mahandaki. Wamarekani waliofanya naye kazi walimpenda. Naye aliwapenda, na aliendelea kuwapeleleza. Nipe gemu ya mtu huyu, ambaye hafyatui risasi hata moja na kila kikombe cha kahawa kinaweza kumpeleka kaburini.

Wavietnam wenyewe walijaribu kutengeneza yao. Desemba 2011 studio ya Hanoi iitwayo Emobi Games ilitoa 7554, jina linalotokana na ile tarehe 7 Mei 1954. Unacheza kama mpiganaji wa Viet Minh, harakati iliyotangulia NLF, iliyoanzishwa na Hồ Chí Minh 1941 milimani Cao Bằng. Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi sana: hatimaye Mfaransa ndiye aliye mbele ya mtutu, na ninaowaita wenzangu wanazungumza Kivietnam. Haikuuza vya kutosha, na studio haikudumu. Ninawapa heshima yao yote. Lakini walichukua umbo la gemu za Kimarekani za kufyatua na kugeuza bunduki ielekee upande wa pili, wakati ushindi wa Điện Biên Phủ ulipatikana kwa migongo zaidi ya bunduki. Wachukuzi wapatao 260,000 walipeleka mchele na risasi milimani. Baiskeli zaidi ya elfu kumi ziliimarishwa kwa mianzi kwenye usukani na fremu, kila moja ikabeba kilo 200 na zaidi, mtu akiisukuma kwa miguu usiku. Mizinga ilivutwa kwa kamba hadi juu ya milima. Halafu Januari 1954 Võ Nguyên Giáp, mwalimu wa historia aliyegeuka jenerali, akaamuru irudishwe nyuma, kwa sababu hakuwa na hakika ya kushinda. Askari waliokuwa wamejichubua mabega kuipandisha wakaishusha. Wiki sita baadaye wakaipandisha tena, na wakashinda. Katika gemu, hatua ya kushusha mizinga, kwa kutii, bila kufyatua, ingekuwa ngumu kuliko zote na nzuri kuliko zote.

Jeshi lile lilianza Desemba 1944 likiwa na watu 34 msituni. Leo wizara yake ya ulinzi inamiliki kampuni ya simu ya Viettel, ambayo ndiyo mama wa Halotel ya Tanzania na Lumitel ya Burundi. Kuna wachezaji Mtwara na Kigoma wanaopakua gemu za Vietnam kwa kutumia minara ya kampuni ya jeshi hilohilo.

Sitaki msomaji afikiri nawapamba. NLF waliua watu wasio na silaha: wazee wa vijiji, walimu, makarani, familia za maofisa. Huế, mji unaopendwa sana na watengenezaji wa gemu kwa sababu ya kuta zake na mto wake, ulishikiliwa na waasi na jeshi la kaskazini kwa karibu mwezi mzima mwaka 1968, na baadaye yalifukuliwa makaburi ya pamoja yenye miili zaidi ya 2,000. Majina yalikuwa kwenye orodha zilizoandaliwa mapema. Mtandao uleule wa watu waliojua nani anaweza kuleta mchele ndio uliojua nani anaishi nyumba ipi. Ukitaka gemu ionyeshe kijiji kwa ukweli, basi na hilo liwemo, na mchezaji aombwe aandike orodha.

Mashambulizi ya Tết (sikukuu ya mwaka mpya wa Kivietnam) ya mwaka huo yaliwamaliza wapiganaji wengi wa kusini. Kuanzia hapo vita vilibebwa zaidi na askari kutoka kaskazini, na Saigon ilipoanguka tarehe 30 Aprili 1975, walioingia na vifaru walikuwa wao. Wiki mbili baadaye palifanyika gwaride la ushindi. Trương Như Tảng, mmoja wa waanzilishi wa NLF na waziri wa sheria katika serikali yake ya mapinduzi, alikuwa jukwaani akisubiri divisheni za kusini zipite. Vilipita vikosi vichache vyenye hali duni, chini ya bendera ya kaskazini. Alipomuuliza jenerali aliyekuwa kando yake divisheni zao ziko wapi, alijibiwa kwamba jeshi limeshaunganishwa. Mwaka 1977 NLF ikavunjwa ndani ya chombo cha kaskazini, na 1978 Tảng akatoroka kwa boti, akaishia Ufaransa. Gemu itakayomfikisha mchezaji kwenye jukwaa lile, baada ya kumchimbisha, kumpikisha na kumbebesha kwa saa 30, nitainunua siku ileile itakayotoka.